Mamogramu, altrasaundi, MRI au "cha mwili mzima": kipimo kipi baada ya mionzi ya titi?

Asubuhi moja ya Julai, baridi ya Mbeya ikiwa bado imelalia vioo vya madirisha, mama mmoja kutoka upande wa Tukuyu aliingia chumba chetu cha picha. Alikuwa kavaa sweta mbili, na kwapani kabana kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye kitenge. Nilidhani mkeka. Alipokifungua juu ya meza ikatoka bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha filamu nne za mamogramu zilizopigwa miaka mitatu nyuma, zimejikunja kama maganda ya mdalasini.

"Mwanangu," akaniambia, "daktari wa wilayani ameandika niangaliwe kama ugonjwa umerudi. Jirani yangu anasema nisikubali kingine zaidi ya MRI. Mtoto wangu aliyeko Dar anasema kuna kipimo cha mwili mzima. Nami nina hela ya kipimo kimoja. Nipige kipi?"

Nikamwambia kipimo chenye thamani kuliko vyote ameshakuja nacho kwenye kitenge. Akacheka, akadhani namtania. Sikuwa namtania. Baada ya mionzi ya kutibu saratani ya titi, picha moja peke yake husema kidogo sana, iwe ya bei gani. Picha inayosema ni ile yenye mwenzake wa zamani pembeni, na kipimo kizuri cha ufuatiliaji ni kile utakachomudu kukirudia mwaka hadi mwaka.

Titi lililopita kwenye mionzi

Wengi wa wanawake ninaowapiga picha, kuanzia wa Mafinga hadi wa Tunduma, mionzi waliifuata Dar es Salaam, kwenye taasisi ya saratani ya Ocean Road. Wengine vipindi 15, wengine 25, siku tano kwa wiki, wanalala kwa ndugu Temeke au Mbagala, halafu basi la kurudi nyumbani linapanda Kitonga wakiwa wamejifunga kanga kifuani ili mkanda wa siti usiguse ngozi iliyoungua.

Kwa ndani, titi wanalorudi nalo limebadilika. Ngozi imekuwa nene. Maji yamejaa katikati ya nyama, na uvimbe huo hufikia kilele karibu miezi sita baada ya mionzi, kisha hupungua taratibu kwa miaka miwili au mitatu. Mahali alipokata daktari pamebaki kovu, na kwenye picha kovu hilo lina ncha ncha zinazochomoza kila upande, zile zile tunazoziogopa kwenye saratani. Mafuta yaliyokufa kwa kisu na mionzi hujikusanya kuwa kidonge kigumu ambacho vidole haviwezi kukitofautisha na uvimbe mbaya. Baadaye, mwaka wa pili, wa tatu, hata wa tano, chokaa huanza kuganda humo.

Sasa piga picha moja ya titi kama hilo umpe daktari asiyejua lilikuwaje mwaka jana. Ataona ncha, ataona chokaa, ataona ngozi nene. Ataandika kwamba saratani haiwezi kukataliwa, nawe utakesha wiki tatu ukisubiri kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya kupimwa maabara. Aliye na picha ya mwaka jana ataona kwamba kovu limenywea. Kovu hunywea au hubaki lilivyo. Likitulia mwaka mzima halafu likaanza kukua, hapo ndipo pa kushtuka.

Jambo jingine linalosaidia kutuliza moyo: saratani kurudi pale pale kwenye titi ndani ya mwaka mmoja na nusu wa mwanzo si jambo la kawaida. Vinundu vingi vinavyotokea katika miezi ile ni kazi ya kisu na mionzi yenyewe. Kuanzia mwaka wa pili ndipo macho yanapaswa kuwa makali, na kwa bahati mbaya ndipo wengi huacha kuja, kwa sababu wanajisikia wazima.

Kwanza: titi lipo au liliondolewa?

Huku kwetu wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshakua, kwa hiyo wengi waliondolewa titi lote ndipo wakachomwa mionzi ukutani mwa kifua. Kwa hao mjadala ni mfupi. Upande uliokatwa hauna cha kubana kwenye mashine, na mamogramu ya upande ule haihitajiki kwa kawaida. Kifua hukaguliwa kwa macho na vidole vya daktari, na altrasaundi huwekwa penye kinundu, penye kipele kisichopona, kwapani na juu ya mfupa wa mtulinga. Basi.

Lakini kuna titi la pili, na hilo ndilo linalosahaulika. "Si lilishakatwa, dada?" huniuliza. Lililobaki je? Mwanamke aliyewahi kuugua titi moja ana hatari kubwa zaidi ya kuugua la pili kuliko mwanamke mwingine wa umri wake. Hilo mamogramu yake ni kila mwaka, mionzi iwe ilichomwa kulia au kushoto.

Yanayofuata yanawahusu zaidi wale ambao titi lilibaki.

Mamogramu: farasi wa kazi

Mamogramu ni X-ray ya titi lililobanwa kati ya vibao viwili. Ndicho kipimo cha kwanza, na kwa wengi ndicho pekee kitakachohitajika kwa miaka. Ya kwanza hupigwa miezi 6 hadi 12 baada ya kipindi cha mwisho cha mionzi, na inayofuata kila mwaka. Usiharakishe kabla ya miezi sita kama huna dalili. Titi linakuwa limejaa maji, kulibana ni mateso, na picha yenyewe inatoka nyeupe kama ukungu wa Uporoto, huoni kitu. Ile ya kwanza ina kazi maalumu: ndiyo picha ya msingi, ambayo nyingine zote zitapimwa nayo. Ukiipoteza umepoteza mizani.

Inachokiona kuliko wenzake wote ni chokaa. Altrasaundi huiona kwa taabu, MRI haiioni vizuri kabisa, na chokaa wakati mwingine ndiyo ishara pekee ya saratani iliyoanza kurudi. Kwenye titi lililochomwa mionzi chokaa ya aina mbili hukaa karibu karibu. Ya mafuta yaliyokufa ni kubwa, ya mviringo, mara nyingi kama pete au ganda la yai. Ya kutilia shaka ni ndogo kama vumbi la unga, kila chembe na umbo lake, zimejipanga mstari au zimetawanyika kama matawi. Tukiona za namna ya pili tunamrudisha mwanamke kwenye mashine tupige picha ya kukuza ya sehemu ile tu. Ukiitwa urudi usikimbie. Kukuza ni sehemu ya kazi, na mara nyingi ndiko kunakoondoa wasiwasi.

Mionzi ya kipimo chenyewe huwaogopesha wengi: "Nimeshachomwa ya kutosha." Mamogramu ya matiti yote mawili hutoa takriban milisiviti 0.4, sawa na ile unayoipata kwa wiki saba hivi kutoka ardhini na angani ukiwa umekaa kwako Uyole unapalilia viazi. Ile ya tiba ni ya ulimwengu mwingine kabisa, usizilinganishe.

Udhaifu wake upo. Titi la upande wa mionzi husomeka kwa shida kuliko lile la pili, hasa miaka miwili ya mwanzo. Kovu lililoko ndani sana karibu na mbavu laweza kukaa nje ya kibao. Mashine mpya zinazopiga picha za titi kipande kwa kipande husaidia kuona kama ncha za kovu ni za kweli au ni nyama zilizopandana, lakini usiahirishe kipimo cha mwaka huu kwa kungoja mashine hiyo.

Halafu kuna mambo ya mezani. Siku ya kipimo usipake deodoranti, poda wala krimu kifuani na kwapani. Najua baridi ya huku, najua mtu haondoki nyumbani bila kujipaka. Deodoranti nyingi zina aluminiamu, na baadhi ya poda na krimu zina zinki, nazo kwenye picha hutokea kama vichembe vya chokaa. Mara moja nilipiga picha ya mwanamke wa Mwanjelwa, kwapa lake likang'aa nyota tupu. Nikampa maji ya uvuguvugu na kitambaa, akajifuta, nikapiga tena: usiku mtupu. Kosa lilikuwa langu, sikumuuliza kabla. Kama bado unapata hedhi, njoo wiki inayofuata baada ya kumaliza, titi haliumi sana. Na mwambie anayekupiga ni wapi ngozi inauma. Tunaweza kubana polepole, tunaweza kusimama na kuanza upya.

Altrasaundi: mwenzake

Altrasaundi, picha ya mawimbi ya sauti, ni nafuu, haina mionzi, haibani, na inapatikana mahali pengi kuliko mamogramu. Kwa hiyo kishawishi ni kuifanya badala ya mamogramu. Nasema hapana kwa titi lililobaki. Haioni vichembe vidogo vya chokaa, na matokeo yake yanategemea mno mkono wa anayeishika. Picha za altrasaundi za mwaka jana ukizileta zinatusaidia kidogo tu, kwa sababu kila mtu huinamisha kifaa kwa namna yake.

Pale inapong'aa ni penye swali moja mahususi. Kinundu hiki ni maji au nyama? Inajibu kwa dakika moja. Maji yaliyotuama kwenye shimo la upasuaji, mfuko wa mafuta yaliyoyeyuka, tezi ya kwapa iliyovimba, vyote inavionyesha wazi. Kovu huipa tabu, maana kovu hutupa kivuli cheusi nyuma yake kama saratani inavyofanya. Mtaalamu mzoefu hukizungusha kifaa: kovu ukiliangalia kwa upande mwingine hubadilika, likawa bapa, na mara nyingi unaweza kulifuata hadi kwenye mshono wa ngozi. Uvimbe ni uvimbe kila upande unaouangalia. Na kama kinyama lazima kichukuliwe, altrasaundi ndiyo inayoongoza sindano hadi mahali penyewe, wewe ukiwa macho, kwa ganzi ya hapo hapo.

Mama wa Tukuyu alihitaji hivi viwili tu. Tulizibandika filamu zake kwenye sanduku la taa kwa vibanio, maana zilikuwa zinajikunja kila ukiziachia, tukaweka mpya kando. Kovu lilikuwa limepungua. Kando yake kulikuwa na kitu kipya, pete nyembamba nyeupe yenye ukubwa wa punje ya hindi. Daktari wa radiolojia akataka altrasaundi siku hiyo hiyo, ikaonyesha mfuko wa mafuta. Mafuta yaliyokufa, kwisha. Bila filamu zile pete hiyo isingeleta shida sana, lakini kovu lenye ncha lingempeleka kwenye sindano.

MRI: lini inafaa

Jirani yake hakukosea kusema MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, ni kali. Kwa kuitafuta saratani ndani ya titi, hakuna kinachoishinda. Unalala kifudifudi, matiti yananing'inia kwenye matundu mawili, unadungwa dawa ya gadoliniamu kwenye mshipa, na mashine inatazama ni sehemu gani inainywa dawa hiyo kwa haraka. Kovu la zamani, lililopita mwaka mmoja au zaidi, kwa kawaida halinywi. Saratani inayorudi hunywa. Kwa swali la "kovu au saratani?" kwenye titi lililotulia, hilo ni jibu zuri sana.

Tatizo ni miezi ya mwanzo. Kovu bichi na titi lililotoka kwenye mionzi hunywa dawa pia, kwa hiyo MRI ya mwezi wa nne inaweza kuwasha taa nyekundu kila mahali. Hata baadaye huwa inaonyesha vitu vingi ambavyo mwishoni si saratani, na kila kimoja kinadai kipimo kingine, safari nyingine, kinyama kingine.

Kuna swali ambalo watu hawaliulizi, nami naliweka hapa kwa sababu nimeona pesa ikipotea: je, mashine hiyo ina koili ya titi? MRI ya kichwa na mgongo inaweza kuwepo hospitalini bila kile kifaa maalumu cha titi chenye matundu. Bila hicho, picha ya titi haifai kwa kazi hii. Mwanamke mmoja alichangiwa na ukoo mzima, akasafiri, kituo kikampiga MRI ya kifua akiwa amelala chali. Karatasi aliyorudi nayo haikuweza kujibu swali lolote. Piga simu kabla, uliza kwa maneno hayo hayo: "Mna koili ya titi?"

Ningemshauri MRI mwanamke ambaye mamogramu na altrasaundi zinapingana, aliyegundulika akiwa chini ya miaka 50 na titi zito lisilosomeka vizuri kwenye X-ray, au mwenye ukoo uliojaa saratani ya titi na ya mfuko wa mayai. Mwenye figo mbovu au kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo aseme mapema. Klipu ndogo ambazo daktari wa upasuaji huziacha ndani ya titi kuonyesha mahali pa mionzi kwa kawaida hazina shida.

CT, na kikohozi kinachodanganya

Katika miaka ya karibuni Serikali imesambaza mashine za CT, zile X-ray zinazozunguka na kutoa picha za mwili kipande kwa kipande, kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na matokeo yake sasa CT ndiyo inayoandikwa kwa kila kitu. Kwa titi lenyewe si kipimo chake. Ni cha kuangalia mapafu, ini na tezi za ndani ya kifua pale ambapo kuna sababu: kikohozi kisichoisha, kupumua kwa shida, kupungua uzito, maumivu ya upande wa ini. CT ya kifua hubeba mionzi zaidi ya mara kumi ya mamogramu, hivyo haipigwi kwa udadisi.

Ila kuna hili la kikohozi, na huku nyanda za juu kusini lina uzito wake. Mionzi ya titi hugusa ukingo wa pafu lililo nyuma yake. Kwa baadhi ya wanawake, mwezi wa kwanza hadi wa sita baada ya tiba, sehemu hiyo ya pafu huwaka: kikohozi kikavu, homa ndogo, pumzi fupi. Sasa mtu huyo aende kituo chochote kati ya Njombe na Kyela akaseme anakohoa wiki tatu na amepungua. Ataambiwa TB. Mwalimu mmoja kutoka Iringa alianzishwa dawa za TB na kituo kimoja kabla makohozi yake hayajatoa jibu, akazimeza wiki kadhaa, na huko nyumbani wakaanza kumtengea kikombe. Makohozi yalipopimwa hayakuwa na kitu. CT yake ilipofika mezani, jibu lilikuwa kwenye mstari: weupe ule ulikaa mbele ya pafu upande uliochomwa tu, na ukingo wake ulinyooka kama umekatwa kwa rula. Ugonjwa haukati kwa rula. Mwali wa mionzi ndio unaokata hivyo, hauheshimu mipaka ya asili ya pafu.

TB ipo na haipuuzwi, makohozi yapimwe. Saratani kwenda mapafuni nayo ipo, ila hiyo kwa kawaida huonekana kama vinundu vya mviringo vilivyotawanyika pande zote. Ninachoomba ni kimoja: ukienda na kikohozi, sentensi yako ya kwanza iwe "Nilichomwa mionzi ya titi la kushoto, nilimaliza mwezi fulani." Na X-ray ya kifua ya kawaida, iliyo nafuu na iko karibu kila wilaya, ndiyo ya kuanza nayo.

"Cha mwili mzima"

Mtoto wa mama wa Tukuyu alikuwa na maana ya PET. Unadungwa sukari iliyofungwa kwenye chembe zenye mionzi, kisha mashine inaangalia ni wapi mwilini sukari inaliwa kwa pupa. Huku nyanda za juu kusini haipo, na sababu moja ni ya kufurahisha kidogo: ile florini inayotumika hupungua nusu kila dakika 110. Ukiipakia kwenye basi la Dar alfajiri, zaidi ya kilomita 800, safari ya muda wa saa 12 bila kusimama sana Mikumi, ikishuka Mbeya imebaki takriban sehemu moja katika mia. Ndiyo maana lazima itengenezwe jirani na mahali inapotumika.

Ina faida kubwa pale ugonjwa umeshathibitika kurudi na madaktari wanataka kujua umefika wapi kabla ya kuchagua tiba. Kabla ya wiki kama 12 tangu mionzi iishe inadanganya, kwa sababu nyama iliyoungua nayo inakula sukari kwa pupa. Mwenye kisukari kisichotulia nayo humsumbua.

Kwa asiye na dalili, mimi naipinga, na sipingi kwa sababu ya bei tu. Mwaka 1994 zilichapishwa tafiti mbili za Italia, moja ya wanawake 1,320 na nyingine ya 1,243. Waligawanywa: kundi moja lilifuatiliwa kwa vipimo vingi vya kila mara, zikiwemo X-ray za kifua na skani za mifupa, jingine likaangaliwa kwa mikono ya daktari na mamogramu tu. Waliopimwa sana hawakuishi muda mrefu zaidi. Zilitangulia PET, ni kweli, lakini miongozo mikubwa ya saratani hadi leo inasema hivyo hivyo kwa mwanamke asiye na dalili. Utakachopata kwa uhakika ni vidoa visivyo na maana vya kukunyima usingizi.

Skani ya mifupa iko kwenye kapu hilo hilo: ni ya mwenye maumivu ya mfupa yasiyokwisha, hasa yanayomwamsha usiku. Na hapa pia mionzi ina mtego wake. Mbavu zilizopitiwa na mionzi huwa dhaifu na zinaweza kupasuka kwa kikohozi au kwa kubeba ndoo, na ufa wa ubavu hung'aa kwenye skani kama saratani. X-ray au CT ya pale pale hutoa jibu.

Penye ngozi usingoje picha

Doa la zambarau au bluu kwenye ngozi iliyochomwa mionzi, kama jeraha la kugongwa ambalo huna kumbukumbu ya kugongwa, likikaa wiki na wiki bila kufifia, lipeleke kwa daktari hata kama mamogramu ya juzi ilikuwa safi. Kuna saratani adimu ya mishipa ya damu inayoweza kuzuka miaka mitano, saba, kumi baada ya mionzi, na mamogramu yake inaweza kuonekana ya kawaida. Jibu lake hutoka kwenye kinyama cha ngozi. Ni adimu kweli, nalitaja kwa sababu ripoti safi mkononi humfanya mtu alidharau.

Kusoma ripoti

Ripoti nyingi za mamogramu huishia na neno BI-RADS na namba, yaani kiwango cha shaka aliyonayo daktari wa picha. Moja na mbili, rudi mwakani. Tatu maana yake karibu hakika si saratani, uwezekano hauzidi asilimia 2, ila urudi baada ya miezi sita. Hii huipata sana titi la mionzi. Nne, kinyama kichukuliwe. Tano, shaka ni kubwa mno, usichelewe hata wiki. Sifuri ndiyo inayowatisha watu bure: maana yake picha haijatosha, au daktari anangoja picha zako za zamani.

Nikiwa mimi ndiye mwenye hela ya kipimo kimoja

Titi lipo, sina dalili: mamogramu, pande zote mbili, mwezi ule ule kila mwaka. Mimi ningechagua baada ya mavuno ya mahindi, pesa ikiwepo. Titi lipo, nimegusa kinundu: mamogramu na altrasaundi siku moja, na kama kinundu ni nyama, kinyama. Hela ya MRI ningeiweka kwenye kinyama, kwa sababu mwishoni hata MRI itaishia kuomba kinyama. Titi lilishakatwa: vidole vya daktari, altrasaundi penye shaka, mamogramu ya upande wa pili. Kikohozi: X-ray ya kifua na makohozi, kisha CT. Mfupa unauma usiku: X-ray ya mfupa ule, kisha skani. Mwenye bima aulize mapema kipimo gani kinalipiwa na kwa rufaa ya nani, maana kurudishwa dirishani ukiwa umetoka Ludewa kunauma kuliko mashine.

Na bahasha. Filamu zilazwe bapa kati ya makaratasi magumu, mbali na jiko na dari linalovuja. Ukipewa picha kwenye CD, omba nakala mbili, moja ikae kwa ndugu. Juu ya bahasha andika kwa wino usiofutika: upande uliougua, tarehe ya upasuaji, tarehe ya kipindi cha mwisho cha mionzi, idadi ya vipindi, na kama uliachiwa klipu ndani. Mama wa Tukuyu hajui kusoma vizuri, kwa hiyo niliyaandika mwenyewe kwa kalamu nene huku akinitajia, na penye tarehe ya mionzi alikwama kidogo, akahesabu kwa vidole kutoka msimu wa ndizi. Tulimkatia boksi la karatasi za mashine likawa kifuniko. Alikifunga kwa kitenge kile kile, safari hii bapa kama sinia, akasema "Ndaga, mwanangu," yaani asante kwa Kinyakyusa, akaenda kutafuta Coaster ya Tukuyu kabla mvua haijashuka.